Kikundi: KWA KOKO KADUTU

Yaya Nsimire 19:02 Bonswar familia. Bahati anangoja jibu mbele ya ijumaa. Anaomba sehemu yake itoke mu sanduku ya familia abadirishe moto ya nyumba kule Québec, Mama anafika mwezi wa 11. Kubaki na kuni ao kuweka ile mashine ya umeme. Kila mutu aseme.

Yaya Nsimire 19:20 Minaona watu 9 wamesoma.

Cito 19:41 Kuni. Nitamutumia na gunia ya makala juu 😂

Bahati 20:15 Natoka kazini. Ile mashine ni pompa ya joto, haiwake moto, inavuta joto ya inje ata kukiwa baridi inaiingiza ndani, njo maana kwa umeme kidogo unapata joto mara 2 ao 3, lakini ikifika -25 inachoka, inakula karibu kama resho. Kuni nilipasua mwaka jana imekauka muzuri, shida saa tisa ya usiku lazima uamke uongeze. Ila umeme ikikatika mashine inakufa. Huku 1998 barafu iliangusha waya, nyumba zaidi ya milioni zikabaki giza, zingine wiki na wiki.

Cito 20:17 Kumbe Kadutu yetu ya Bukavu nayo ni Canada!!

Tantine Espé 20:18 😂😂 apa tangu jumatatu nachajia telefone kwa jirani, na barrage ya umeme ya Ruzizi iko pale chini tu

Yaya Nsimire 20:20 Tuache Ruzizi. Mama na kile kifua, Bahati akienda zamu ya usiku nani ataingiza kuni?? Na moshi?

Bahati 20:24 Yaya haiko mbabula ya makala, ni jiko ya chuma yenye mulango, moshi inapanda mu bomba. Bomba tunasafisha kila mwaka.

Cito 20:31 Sehemu yake ni ngapi?

Yaya Nsimire 20:31 Dola 600

Cito 20:32 Ah. Mimi niliomba 80 ya mabati mukasema sanduku iko tupu.

Yaya Nsimire 20:33 Cito usianze

Tonton Déo 20:40 Ya mabati tuliisha ongea ku kilio.

Cito 20:41 Muliongea nyinyi. Mimi nililala na beseni ku kitanda.

Aline 20:58 Koko anasema niandike hivi: Ile usiku tulifunga madirisha juu ya baridi, mbabula ndani. Asubuhi niliita watoto watatu, wakaitika wawili. Mama yenu asilale fasi moja na moto.

Bahati 21:47 Nimesikia Koko.

Bahati 21:49 Mashine itaingia chumba ya Mama. Jiko itabaki sebuleni ya siku umeme inakatika, na kile kidude kinalia hewa mbaya ikijaa nitaweka ku mulango yake.

Yaya Nsimire 21:52 Aksanti Koko. Basi franga itoke? Ndiyo ao hapana tu.

Tonton Déo 06:12 Mwaamkaje. Ijumaa ya hii wiki?

Cito 06:30 Mabati kwanza.

Yaya Nsimire 06:31 Cito shika telefone nakuita

Tantine Espé 06:44 Umeme imerudi!! Muchaji haraka