Jirani wa mavi ya kuku, leo umenivunjia heshima mbele ya wakwe!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wa huku Kibaha mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule aliyegundua kuwa mavi ya kuku nayo yanauzwa, sasa anakusanya ya mabanda yote ya mtaa na kuyarundika nyuma ya ukuta wangu, eti anatengeneza mboji.

Leo ilikuwa posa ya binti yangu. Pilau iko tayari, wazee wameketi, mshenga anakohoa asome barua. Bwana mkubwa naye ndipo anaamua kugeuza lundo. Saa saba mchana, upepo wote unakuja kwetu! Amonia ilivyopanda, mbuzi wa nyumba ya tatu walipiga chafya. Mshenga akaziba pua kwa barua ya posa. KWA BARUA YA POSA! Nikaenda ukutani, nikamwambia kwa adabu, kaka, nina wageni. Akaegemea koleo, akacheka: "Hiyo harufu ya hela mzee wangu, zoeeni."

Zoeeni!

Nzi ndiyo usiseme. Walitua kwenye sinia, shangazi wa bwana harusi akadhani zabibu. Na koleo hilo hilo la mavi mabichi ndilo anapakilia mbolea iliyoiva. Mvua ikinyesha, yale maji meusi yanapita chini ya magunia ya hiyo mbolea yanaelekea kisimani. Ukimuuliza, zoeeni. Mbele ya wakwe, jamani! Barua ninayo hapa, bado inanuka.

Kobe Mpole: Chai. Mbuzi apige chafya?

Mama Mchicha: Mtoa mada, binti kaposwa au hajaposwa? Anza na hilo.

Mtoa mada: Wamesema watarudi. Mtu anayeaga kaziba pua atarudi?

Mzee wa Pumba: Punguza jazba mkuu. Mavi ya kuku yana nitrojeni nyingi, kaboni kiduchu, ndiyo maana amonia inaruka. Achanganye maranda na pumba za mpunga mpaka kaboni ifike 25 hadi 30 kwa nitrojeni 1. Akamate konzi akamue, likichuruzika limelowa mno, huko ndani hewa haipiti na ndiko kunakooza. Juu afunike kwa mboji iliyoiva, inameza harufu. Lundo la nje likae nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku 15 na ligeuzwe mara 5, ndipo salmonela, bakteria wa kuharisha, ife. Halafu akichotea koleo chafu kazi yote bure, anairudisha mwenyewe.

Mtoa mada: Sikuja kusoma kemia, nimekuja kulalamika! Kaniambia ZOEENI!

Kobe Mpole: Wewe nawe umezoea kulalamika.

Mama Mchicha: Ngoja, hayo magunia si ndiyo wanamwagia mchicha wa bondeni? Jana nimenunua mafungu mawili hapo.

Mzee wa Pumba: Osha vizuri, pika mpaka uive. Kachumbari acha.

Mkulima Suti: Naomba kuuliza, gunia anauzaje? Nina matikiti.

Mtoa mada: Unanunua mavi ya adui yangu ndani ya uzi wangu?

Mkulima Suti: Biashara mkuu. Njoo inboksi na namba yake.

Mpangaji Sugu: Mna bahati nyie, harufu inafuata upepo. Mimi nimepakana na baa, muziki mpaka saa tisa usiku, spika wameielekeza dirishani kwangu makusudi. Nikalalamika, wakaongeza ya pili.

Mtoa mada: Tubaki kwenye mada. Barua ya posa, wakuu!

Kobe Mpole: Baa ipi, ile ya kitimoto karibu na stendi?

Mpangaji Sugu: Hiyo hiyo. Na kilo wamepandisha tena.

Mama Mchicha: Kupandisha si kitu, siku hizi hata ndizi unalipia kando!

Mkulima Suti: Ndizi kando?! Huo ni wizi, fungueni uzi wake.