Wana wa Bibi Chumbageni: nyama ya hitma

ALHAMISI

[19:12] Dada Zai: Asalaam alaykum wote. Natoka kwa Mama Salma kuangalia ile nyama ya Idi. Kilo 12 zimeshikana donge moja, gumu kama tofali! Hitma Jumamosi, masufuria yanapanda jikoni saa 11 alfajiri. Tuongee sasa.

[19:14] Mama Salma: Wa alaykum salaam. Mimi nililetewa kiroba kimeshafungwa, nikaingiza kwenye friza

[19:15] Dada Zai: Nilisema siku ileile: tufunge kilo moja moja, bapa, hewa itoke. Haya, yamepita.

[19:31] Hamisi: Itoeni usiku huu muiweke kwenye beseni uani, mpaka Jumamosi imelainika. Mbona Mama alikuwa anafanya hivyo

[19:32] Dada Zai: Hamisi hapana. Juu itachacha katikati bado barafu. Nyama haikai nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Friza haliui vijidudu, linavilaza. Nyama ikiyeyuka vinaamka.

[19:33] Juma Dodoma: Vinaamka na njaa 😂

[19:33] Hamisi: 😂😂 vinauliza pilau liko wapi

[19:34] Mjomba Kassim: Mechi inaanza saa ngapi

[19:36] Dada Zai: Jamani!

[19:40] Dada Zai: Ndani ya friji, pande la kilo 2 hadi 2 na nusu huyeyuka kwa siku nzima. Donge hili lingetaka siku 5 na hatunazo. Kesho saa 1 asubuhi liende buchani likapigwe msumeno likiwa limeganda hivyo hivyo, vipande vya kilo moja moja, tugawane kwenye mafriji. Langu linabeba kilo 4. Nani mwingine?

[20:22] Dada Zai: Naona mmesoma.

[20:25] Mama Jamila: Langu limejaa juisi za biashara

[20:26] Mama Salma: Na bora. Kuku wa harusi ya Mwajuma sijawasahau

[20:27] Mama Jamila: Hayo bado mnayo?? Luku iliisha usiku mmoja tu

[20:27] Mama Salma: Siku mbili. Dripu tulitundikiwa mimi na Hamisi, si wewe

[20:29] Hamisi: 🙈

[20:31] Dada Zai: Friza likijaa na lisipofunguliwa linashika baridi mpaka saa 48. Siku ile lilifunguliwa kila mara, kuku wakalainika, umeme uliporudi wakagandishwa tena. Friji la Mama Jamila halina kosa. Tuache.

[20:48] Bibi: 🎤 0:52

[20:53] Dada Zai: Nawaandikia mlio kazini. Bibi anasema: "Zamani hatukuwa na friji. Samaki tulimtia chumvi tukamwanika akawa ng'onda, na kilichonuka tulikitupa, hatukubishana. Hitma ni ya baba yenu. Sitaki mtu atoke nyumbani kwangu anashika tumbo. Nyama isipokuwa salama, pikeni maharage, na dua itasomwa vilevile."

[20:54] Hamisi: Sawa Bibi

[20:54] Mama Salma: Tumesikia Mama

[21:10] Mama Jamila: Natoa juisi shelfu ya chini. Kilo 4.

[21:11] Dada Zai: Ahsante sana wifi. Iweke juu ya sinia, ile damu isidondokee kachumbari. Zimebaki 4.

[21:12] Mama Salma: Friji langu bovu, nina friza tu

[21:15] Dada Zai: Basi hizo zibaki kwenye friza lako mpaka kesho jioni. Nitazifunga kwenye mifuko isiyoingiza maji, nizilaze kwenye maji baridi (si ya moto!), yabadilishwe kila nusu saa. Zikilainika tu nazichemsha usiku huohuo. Nahitaji mtu wa kupokezana naye.

[21:58] Juma Dodoma: Mimi natuma hela ya mchele

[22:47] Mjomba Kassim: Mechi imeisha. Mnasemaje

[22:48] Dada Zai: Mjomba soma juu. Saa 1 asubuhi na bajaji yako kwa Mama Salma. Deli la barafu nakuja nalo mimi.

[22:55] Mjomba Kassim: Bajaji ina pancha. Nitaangalia asubuhi

[22:56] Dada Zai: Saa 1 Mjomba, Bibi ameshasema.

[23:20] Dada Zai: Na wa kubadili maji kesho jioni bado sijampata. Hamisi?