Unga wa senene unaziba mashine na kuchacha mapema: tatizo liko wapi?

uji_Ilemela
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kitaalamu kuhusu kuchanganya senene kwenye unga wa lishe hapa Mwanza. Senene wanatoka Bukoba, wananyonyolewa, wanakaangwa, wanaanikwa juani, kisha wanapelekwa mashine ya kusaga mahindi. Matatizo mawili: ndani ya mashine wanageuka rojo linaloziba chekeche, na unga unaopatikana unaanza kunuka mafuta ya zamani hata mwezi haujaisha. Kosa ni ukaushaji, mashine au vifungashio?

sufuria_na_mizani
Mkuu, kosa ni kumchukulia senene kama nafaka. Akishakauka, asilimia 40 hadi 48 ya uzito wake ni mafuta, yaani yuko kundi moja na karanga. Ukimsaga peke yake lazima utoke na siagi. Na sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina isiyoganda, ambayo hewa na mwanga huyaharibu upesi. Kumkaanga kwanza kunamwivisha vizuri kwa kula, ila kwa unga unayatoa mafuta nje yakutane na hewa mapema.

Acha kukaanga. Pokea senene walio hai. Waliolundikwa kwenye gunia hupata joto, hubanana na kufa, na kuoza huanza ndani ya saa chache; aliyelegea na kunuka mtupe. Nyonyoa mbawa, miguu na vipapasio vya kichwani. Miguu ya nyuma ina miiba ambayo mashine haiimalizi, na mtoto ataisikia kooni. Wanyonyoaji wakitumia majivu ili mikono isiteleze, osha mpaka maji yatoke safi. Pima uzito hapo, uandike.

Chemsha maji lita 5 kwa kila kilo moja, mimina senene, na maji yakirudi kuchemka hesabu dakika 5. Hii inaua bakteria wengi na kuzima vimeng'enya vinavyovunja mafuta. Mbegu sugu za bakteria hazifi kwa kuchemsha, kwa hiyo usiwaache wamelowa usiku kucha. Chuja, tandaza kwenye trei za wavu kwa unene usiozidi sentimita moja na nusu, kausha kwa nyuzi 60. Kaushio la kabati lenye feni huchukua saa 8 hadi 12. Ukipandisha hadi 90 ili uwahi, ngozi inakakamaa juu na unyevu unabaki ndani.

Kuanika wazi hapa kwetu Novemba na Desemba ni kamari. Ndiyo msimu mkuu wa senene na ndiyo mvua, na hewa ya ziwani usiku inarudisha unyevu ulioutoa mchana.

Kipimo cha kukauka ni mizani. Senene mbichi ana maji karibu theluthi mbili, hivyo kilo 10 zilizonyonyolewa zinatakiwa zibaki kilo 3.3 hivi. Zikibaki 4, rudisha kaushioni. Aliyekauka vizuri anavunjika kwa vidole, hapindi.

KinuChaNyundo
Naongezea upande wa mashine. Usimsage peke yake. Changanya kabla ya kusaga: kwa uzito, senene wakavu sehemu 1, mahindi makavu yaliyokaangwa sehemu 4. Mchanganyiko huo unakuwa na mafuta asilimia 12 hivi, kinu cha nyundo kinaumudu, na protini inapanda kutoka 9 ya mahindi hadi karibu 15. Senene walale kwenye friza wakiwa ndani ya mfuko uliofungwa, wasagwe wangali baridi, kwa sababu joto la kinu ndilo linaloyeyusha mafuta. Lisha taratibu, tumia chekeche la milimita 1 hadi 1.5.

Tena usisage akiba! Hifadhi senene wazima, saga kinachouzika ndani ya wiki mbili tatu. Mfuko uwe wa foili, ubanwe kwa mashine baada ya kutoa hewa. Plastiki inayoonyesha, rafuni penye jua, ndiyo inayowaangusha wengi. Vile vipakiti vya silika vinanyonya unyevu tu, oksijeni havigusi. Viko vya kunyonya oksijeni, ni vingine.

lishe_kwanza
Hakuna aliyetaja mzio. Senene ana tropomiosini, protini ileile inayowasumbua wasioweza kula kamba wa baharini, na kupika hakuiondoi. Andika kwenye pakiti, mbele, kwa maandishi yanayosomeka: "Kina senene. Usitumie kama una mzio wa kamba." Unga wenye karanga na mahindi una hatari ya sumukuvu pia, karanga zilizokunjamana au zenye ukungu zichambue, na mahindi yawe chini ya asilimia 13.5 ya unyevu. Usajili wa chakula na jengo uko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019 majukumu yalipotoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kabla ya kununua mashine, pitia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo.

trei_za_mayai
Mimi napingana kidogo. Kwa unga wa mwaka mzima senene si mdudu wake, ni wa msimu. Nyenje wa kufuga ana mafuta karibu nusu ya hayo au chini, anasagika vizuri zaidi, na anakula chakula cha vifaranga. Anataka nyuzi 30. Usiku wa Mwanza bila kumpasha joto wiki 6 hadi 8 za kukua zinarefuka. Maji mpe kwenye sponji, kwenye sahani wadogo wanazama. Senene wauze wazima, bei yake ndiyo hapo.

uji_Ilemela
Shukrani wakuu. Je, nikiwakamua mafuta kwanza?

KinuChaNyundo
Inawezekana. Kinu kidogo cha kukamulia ufuta kinafaa, wapashe moto kidogo kwanza. Kinatoa sehemu tu ya mafuta, ila mashudu yanasagika bila kuziba. Mafuta yenyewe yachuje, weka chupa nyeusi, yapikie mapema.