Tupeane uzoefu: mlioshuti filamu Arusha na Moshi, mnamtengenezea nani?

Kameraman wa Sakina: Wakuu, heshima mbele. Huku kwetu kamera zilifika zamani, Hatari! ya John Wayne, iliyotoka 1962, ilishutiwa Momella, hapa karibu na Arusha. Mpaka leo wageni wakija tunabeba stendi za taa, hadithi wanakuja nayo mkononi. Juzi mzee wa Kimaasai aliambiwa avue saa, eti inaharibu picha. Akavua. Simu ikaita ndani ya shuka. Wakakata! Mimi ningeendelea, maana filamu ndiyo ilikuwa inaanza. Kwenu filamu yetu ni ipi?

Dada Kiboriloni: Nilishuti filamu fupi ya ndugu wawili wanaogombea kihamba, yaani shamba la ukoo, watu wanaongea Kichaga chao. Jamaa wa Dar wakaniambia nimejifungia soko. Desemba, watu wamerudi nyumbani, nikatundika shuka jeupe uani kwa shangazi, jenereta linaunguruma nyuma ya zizi. Ilipofika mdogo mtu anang'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, usiku, bibi mmoja akainuka kumgombeza, akasimama mbele ya projekta, kivuli chake kikafunika shuka zima. Tukio lote hatukuliona. Filamu ikaisha, ubishi ukaenda mpaka saa saba usiku, na wawili pale wana kesi ya kweli ya mpaka, ikabidi watenganishwe viti. Sembène wa Senegal alianza na riwaya, akageukia filamu awafikie wasiosoma. 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolof. Sasa Kichaga kinanifungia nini? Tafsiri ya maandishi chini ipo.

Mtoto wa Ngarenaro: Msisahau kibanda umiza, kile kibanda cha video ambamo mtu anatafsiri filamu za nje papo hapo. Mtafsiri wetu alimfanya staa wa Kihindi adaiwe kodi Unga Limited, kibanda kizima kinacheka. Kuandika mazungumzo nilijifunzia pale, chuo kilinifundisha kamera tu.

Prodyuza Mchovu: Mnaongea sanaa, mimi naongea hela. Enzi za DVD msambazaji alichukua haki zote, ukala mara moja ikaisha. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto 2021, hongera zake, ila wangapi hapa Majengo wameiona? Tukipata maonyesho ya mtaani yenye kiingilio, hata buku (elfu moja), tutaongea vizuri.

Kameraman wa Sakina: Dada, leta hiyo ya kihamba huku, ukuta upo. Mtoto wa Ngarenaro atatafsiri.

Dada Kiboriloni: Naileta, naye aje atafsiri, ila Ijumaa tu. Projekta ni ya kwaya, Jumamosi wana mazoezi.