Koki ya lambo: mbele ndani ya maji au nyuma ya tuta?

Mgogo_Halisi: Wakuu, kamati yetu ya maji imekwama. Lambo la kijiji, tuta mita 6. Fundi anataka koki nyuma ya tuta, pale penye mbauti ya kunyweshea ng'ombe. Injinia anataka mbele, kwenye mnara majini. Tumfuate nani?

Spana19: Injinia. Koki ikikaa nyuma, bomba lote chini ya tuta lina presha usiku na mchana. Kiungo kikivuja, maji yanachomoa udongo kidogo kidogo hadi tuta linatoboka. Ikiwa mbele, ukifunga bomba linabaki tupu.

Babu Tope: Na tope likifunika mnara? Kwetu ilibidi tutafute mpiga mbizi. Mpiga mbizi, Dodoma! Weka nyuma, hata mtoto anafungua.

Kiberenge: Hata mtoto, na hata mfugaji saa nane usiku.

Ndama: Mfugaji kaingiaje hapa? Koki za shaba zinauzwa kwa kilo mjini, sijaona ng'ombe akipima mizani.

Kiberenge: Umeumia wapi? Sijataja mtu.

Ndama: Umetaja. Nani alichanga siku za kushindilia tuta? Wenye mashamba mlikuja na kalamu ya mahudhurio tu.

Mama Zabibu: Mimi nilibeba mawe, usinijumlishe.

Tabasamu: Kumbukeni lile bwawa la Kenya lililopasuka, Solai, 2019 kama sikosei. Usiku mmoja tu.

Spana19: 2018, Mei 9. Walikufa zaidi ya watu 40. Ila msilete Solai kwenye koki, lile lina mjadala wake. Jamani, wekeni zote mbili: ya dharura mbele, ya kila siku nyuma. Na bomba lizungushieni mchanga wa chujio mwishoni, maji yakivuja yapite na udongo ubaki.

Babu Tope: Mbili? Moja tu tumechangishana miezi mitano.

Pipa Tupu: Saifoni, bomba linalovuta maji lenyewe likipita juu ya tuta, hamtoboi kitu. Kwenye vitabu inavuta mita 10, kwa vitendo kama 7, na Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo, kwa hiyo pungufu kidogo.

Kiberenge: Saifoni ya plastiki juani, ng'ombe wakipita juu yake?

Ndama: Umerudi kwa ng'ombe.

Mgogo_Halisi: Fundi kashusha bomba leo asubuhi. Plastiki, inchi 4, nyembamba unaibonyeza kwa kidole.

Spana19: Hiyo ndiyo ya kulala chini ya tuta??

Mgogo_Halisi: Mtaro tayari ameshauchimba.