q7 ni nini jamani? Nimerudi kwa do-file yangu (faili la amri za Stata) ya mwaka jana sielewi kitu

mtoto_wa_likoni: Hamjambo wenzangu. Nina data ya nyumba 412 za Likoni na Changamwe, niliisafisha kwa Stata, ile programu ya takwimu, mwaka jana kisha kazi zikanibana nikaiacha, sasa msimamizi wangu yuwataka nimueleze mbona nimetoa watu 23, nikiangalia nimeandika `drop if q11==3 & q7>2` basi, pembeni hakuna hata neno. q7 najua ni usafiri wa kwenda kazini lakini 3 ni tuktuk ama boda?? Nyinyi mwafanyaje msipotee hivi?

Bi_Takwimu: Pole mwanangu, sote tumepita huko. Itafute ile karatasi ya maswali kwanza, usibahatishe. Ukiipata weka lebo papo hapo:

`label variable q7 "Usafiri wa kwenda kazini"`
`label define usafiri 1 "Feri" 2 "Matatu" 3 "Tuktuk" 4 "Boda"`
`label values q7 usafiri`

Huo mstari wa tatu ndo watu husahau, wanadifaini lebo halafu hawaifungi kwa variebo, wakipiga tab (amri ya kutoa jedwali) waona namba zilezile waanza kulaumu kompyuta. Lebo zakaa ndani ya dta yenyewe, lile faili la data, hata ukimtumia mtu faili azikuta. Komenti, yale maelezo unayojiandikia kando ya amri, zabaki kwa do-file.

kaka_wa_kisauni: Na komenti usiandike "natoa watu hapa", hiyo drop yenyewe yasema. Andika KWA NINI. Mimi huweka nyota mwanzo wa mstari, ama // mwisho wa mstari lakini acha nafasi kabla yake.

mzee_spss: Sisi wa SPSS, programu nyingine ya takwimu, komenti yaanza na nyota yaisha na nukta. Siku moja nilisahau nukta, komenti ikameza amri iliyofuata, natafuta shida mpaka adhana ya magharibi 😂

Bi_Takwimu: Ngoja kwanza, nimeirudia ile drop yako. q7>2?? Kwa Stata jibu lisilojazwa, ile nukta, lahesabiwa kubwa kuliko namba yoyote! Kwa hivyo umetoa wa tuktuk na boda PAMOJA na wale ambao hawakujibu. Data ghafi waiyo? Piga `count if q11==3 & missing(q7)`

mtoto_wa_likoni: Wallahi ninayo kwa flashi. Nimepiga sasa hivi... 9. Tisa kati ya wale 23 hawakujibu kabisa na mimi nimewatupa kama watu wa boda 🤦🏾

kaka_wa_kisauni: `& !missing(q7)` mwishoni mwa hiyo drop, yaani waliojibu tu, basi. Na safari hii weka komenti.

mtoto_wa_likoni: Nishaweka, mistari minne. Karatasi pia imepatikana, 3 ni boda, tuktuk ni 4. Bi Takwimu ungeniponza 😅

Bi_Takwimu: Si nilikwambia usibahatishe, ule ulikuwa mfano tu!