Kikundi cha Ukoo: Kwa Bibi Manka

*Alhamisi, 4 Desemba*

Anna (admini), 10:14: [picha]
Jamani ng'ombe wa Bibi, Malaika, kazaa jana saa tatu usiku, dume, mzima kabisa. Ila KONDO LA NYUMA HALIJATOKA mpaka sasa hivi. Daktari anataka 60,000 kupanda kutoka Boma. Kila mtu 10,000 kwa namba yangu ile ile

Anna, 10:31: Naona mmesoma kumi na moja. Haya

Elia Arusha, 10:33: Mbona mweusi tii?? 😂

Elia Arusha, 10:33: Si mlisema mrija wa mbegu ya Ayrshire kutoka Usa River?

Anna, 10:34: Elia nimeongelea kondo

Mama Joy, 10:40: Labda wakati anapandishwa aliangalia lile tangi jeusi la maji

Elia Arusha, 10:41: 😂😂😂

Neema SUA, 10:52: Masaa 12 yamepita, muiteni daktari leo leo. Na tafadhali asije mtu akalivuta kwa mkono au kufungia jiwe kama mwaka ule, mtamharibu kizazi

Anna, 10:53: Asante Neema. Mmemsikia. HELA

Mama Joy, 11:02: Lakini Neema kweli rangi si inaweza kuruka? Mama yake Malaika baba yake alikuwa mweusi, namkumbuka vizuri alimkanyaga marehemu baba mguu

Neema SUA, 11:09: Hapana shangazi. Wekundu unaweza kujificha ndani ya ng'ombe mweusi ukaja kutokea kwa wajukuu, weusi haujifichi ndani ya mwekundu. Malaika ni mwekundu na mabaka meupe, Ayrshire wa mrija naye mwekundu, hao wawili hawazai mweusi hata wazae mara mia. Halafu angalieni picha, tumbo jeupe, nyota kwenye paji, hapo kuna Friesian

Elia Arusha, 11:10: Friesian wa nani sasa 👀

Elia Arusha, 11:10: @Godi upo?

Anna, 11:15: Na tarehe pia hazikubali. Mrija ulipigwa tarehe 3 Februari nimeandika kwenye kalenda, alitakiwa kuzaa katikati ya Novemba, kachelewa kama wiki 3

Neema SUA, 11:17: Basi mrija haukushika, joto likarudi baada ya siku 21, akapandishwa na aliyekuwa karibu

Mama Joy, 11:18: Mwisho wa Februari. Siku ile wote tulikuwa kwenye arobaini na uzio ulikuwa chini

Elia Arusha, 11:19: Kitanda hakizai haramu 😂 mwacheni mtoto wa watu

Godi, 12:46: Nilikuwa kazini. Fahali weusi Machame nzima wako wangapi? Rangi inasema sio mrija, haisemi ni wa kwetu

Anna, 12:47: Godi uzio uliangukia upande wenu na unajua kwa nini uliangukia upande wenu

Godi, 12:48: Tusianze

Mama Joy, 12:50: Nani ameanza? Mahindi mwaka juzi yalilipwa?

Anko Wilbard Dar, 13:20: Hongereni sana kwa ndama. Mungu ni mwema

Anna, 13:21: Anko 10,000

Happy (nyumbani), 14:05: Bibi kanisomesha yote. Anasema niandike hivi hivi. "Nimeona mnavyocheka. Ndama kazaliwa zizini kwangu ni wangu, simdai mtu wala mtu asinidai. Lakini yule fahali alipita pale pale yalipong'olewa masale yangu, mimea yangu ya mpaka, mwaka 2019. Sitaki hela. Masale yarudi kabla ya Krismasi na baba yake Godi ayalete kwa mkono wake, asitume mtoto."

Anna, 14:31: Tumesikia Bibi

Neema SUA, 14:40: Daktari kafika?

Anna, 14:41: Yuko njiani, nimekopa duka la chini. Mpaka sasa mimi, Neema na Happy tu, 30,000. Wengine mnasoma tu kama gazeti

Elia Arusha, 14:50: Natuma mwisho wa wiki. Ndama anaitwaje sasa? Napendekeza Godi Junia

Mama Joy, 14:51: Elia we mtoto, Bibi anasomewa haya

Elia Arusha: *Ujumbe huu umefutwa*

Godi, 16:12: Nitaongea na mzee. Mguu unamsumbua lakini. Labda Jumamosi

Anna, 16:13: Labda ya nini Godi

Anko Wilbard Dar, 17:38: Nimetuma 20,000 imeenda jina la Frida sijui nani. Anna hiyo namba yako ni ipi?